Wati ya kwanza ni ya taa

Ndugu vijana wenzetu wa Kasongo na Kabambare, na ninyi mulio Kindu, Bukavu, Goma ao Lubumbashi mukisoma hii kwenye telefone,

Tuanze na swali. Mtumbwi umebeba watu kumi na watano, magunia ya mchele, mbuzi wawili na bidoni za mawese. Juu ya paa yake ya turubai kuna pano ya jua. Mchana kutwa ile pano inachaji telefone za abiria na kupiga muziki. Saa kumi na mbili jioni jua linazama, batri iko sufuri, na chombo chote kinaingia gizani na watu wake. Lile jua la mchana limemufaidisha nani?

Msimamo wangu ni mfupi. Juu ya maji, wati ya kwanza ni ya taa. Telefone inakuja nyuma, muziki mwisho kabisa. Na jambo la pili: wale wanaokata takse kwenye bandari zetu wana deni na sisi, na deni hilo linaanza na mwangaza. Nitaeleza yote mawili kwa hesabu, juu kwenye vikao vyetu tunabishana sana bila namba.

Kwanza, kwa nini mto? Mwenye kuishi Kinshasa anaweza kuuliza kama hakuna barabara. Barabara ziko kwenye karata. Mvua ikinyesha, anayetoka Kabambare kuja Kasongo anajua anachokutana nacho. Treni ya kutoka Kongolo kwenda Kindu inapita ng'ambo ya magharibi, Samba na Kibombo, na Kasongo iko mashariki ya Lualaba. Kwa hiyo hata mwenye kutafuta treni lazima avuke maji kwanza. Luama nao unapita Kabambare kabla ya kuingia Lualaba, na huko mtumbwi ndio daraja, ndio gari la mizigo, ndio ambulansi ya mama mwenye uchungu wa kuzaa. Jambo hili si la jana. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka wa 1871 alikuta soko kubwa ambalo watu walilifikia kwa mitumbwi. Zaidi ya miaka 150 imepita, na bado tunakwenda soko kwa mtumbwi. Kilichobadilika ni motere na ile pano juu ya paa.

Pili, tunajua maji ya inchi hii yanakula watu namna gani. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli ilizama kwenye Ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, mchana, watu wakitazama toka ufukoni. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Aprili 2025 chombo cha mbao kiliwaka moto karibu na Mbandaka na kuua zaidi ya watu mia moja. Moto ulitoka kwenye jiko lililokuwa likipikiwa ndani ya chombo. Sisemi kwamba taa ingezuia hayo mawili. Kule dawa ilikuwa kupunguza mizigo, kuvaa jile na kuzima jiko. Lakini hizo ni ajali kubwa zinazofika redio. Mtumbwi wa watu sita unaogonga kisiki usiku kwenye Lualaba, ao unaogongana na mwenzake aliyekuja bila taa, haufiki redio yoyote. Unafika msibani tu.

Kila msiba mkubwa ukipita tunasikia amri ileile: ni marufuku kusafiri usiku. Sipingi amri hiyo. Asiye na lazima asisafiri usiku, na taa si ruhusa ya kutembea gizani. Lakini tuseme kweli: usiku unawakuta watu njiani. Motere inakufa katikati ya mto. Mvua inakusimamisha saa tatu chini ya mti. Mgonjwa hangoji asubuhi. Mvuvi naye anafanya kazi usiku juu samaki wake ni wa usiku. Amri ya karatasi haiwashi kitu. Ndiyo maana chombo chochote, hata kinachopanga kufika mchana, kinapaswa kuwa na taa inayoweza kuwaka mpaka kucha.

Sasa hesabu. Tuchukue pano ya wati 50, ya kweli, si ya kuandikwa tu. Huku kwetu, ukipima kwa uangalifu na kuhesabu mawingu, tuseme inapata sawa na saa 4 za jua kamili kwa siku. Wati 50 mara saa 4 ni wati-saa 200. Joto, nyaya na batri vinakula karibu robo. Unabaki na 150. Hiyo ndiyo mali yako ya siku nzima, kama pesa mfukoni.

Taa moja ya ledi ya wati 3 kwenye mlingoti, usiku mzima wa saa 12, inakula 36. Taa nyingine ya wati 3 ndani, ili watu waone wanapokaa na maji yanapoingia, inakula 36 tena. Torshi kubwa ya mbele ya wati 10, ya kutafutia visiki na michanga, ukiiwasha saa 3 tu kwa jumla, inakula 30. Jumla ni 102. Unabakiwa na karibu 48. Telefone ya kawaida yenye batri ya miliamperi-saa 4000 inahitaji wati-saa karibu 15, na zingine zinapotea njiani wakati wa kuchaji. Kwa hiyo masalio yako ni ya telefone mbili ao tatu: ya kapita wa chombo, na ya kuita msaada. Telefone ishirini za abiria zinaomba wati-saa 300 na zaidi, mara mbili ya mali yote ya siku. Mwenye chombo anayekubali kuchaji ishirini kwa pano ya wati 50 ameuza taa yake kabla jua halijazama.

Na mwenye pano ya wati 20? Hesabu yake ni wati-saa 60. Inatosha taa ya mlingoti usiku mzima na torshi kwa saa mbili hivi. Ni ndogo, lakini inatosha kuonekana. Kanuni ya kimataifa ya 1972 ya kuzuia vyombo kugongana baharini inakubali kwamba chombo kidogo cha motere, kisichofika mita 7 na kisichokwenda mbio, kiwe na taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Chombo kidogo cha kafi kinaweza kuwa na torshi tayari ya kuonyesha kwa wakati. Kama bahari nzima inakubali taa moja nyeupe, sisi wa Lualaba tunashindwa na nini?

Tuje sasa kwenye namna ya kupata yote ambayo pano ndogo inaweza kutoa. Wengi wananunua pano nzuri na kupoteza nusu yake bila kujua.

Mlalo. Kasongo na Kabambare ziko kati ya digrii 4 na 5 kusini ya ikweta. Jua la saa sita mchana liko karibu juu ya kichwa mwaka mzima. Kule Ulaya wanainamisha pano sana juu jua lao liko chini. Ukiiga picha zao unapoteza. Hapa ilaze karibu tambarare, na uinamishe kidogo tu ili mvua ioshe vumbi na maji yasilale juu ya kioo. Tena mtumbwi unageuka kila dakika kufuata mto, na pano iliyolala haijali unaelekea wapi.

Kivuli. Hapa ndipo hasara kubwa iko. Seli za pano ndogo zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaopitishana ndoo za maji. Mmoja akisimama, mustari wote unasimama. Suruali iliyoanikwa kwenye kona, mlingoti, gunia, kuku aliyefungwa juu ya paa: kivuli cha kiganja kinaweza kuondoa nusu ya umeme, hata zaidi. Weka pano mahali ambapo hakuna mtu wala mzigo, na mlingoti wa taa uwe nyuma yake. Kiangazi, moshi wa kuchoma nyasi na vumbi vinajipaka juu ya kioo. Kitambaa chenye maji kila asubuhi, kabla kioo hakijapata moto, ni kazi ya dakika mbili.

Joto. Watu wanadhani pano inapenda moto. Inapenda mwangaza, moto inauchukia. Kila digrii moja kupita 25 inapunguza karibu asilimia 0.4. Pano iliyogandishwa juu ya bati inaweza kufika digrii 60, na hapo wati 50 zinakuwa kama 43. Acha nafasi ya kiganja kati ya pano na paa ili upepo wa mto upite chini yake. Upepo huo hauna takse.

Nyaya. Kwenye volti 12, waya mwembamba ni mwizi. Ukivuta amperi 3 toka batri mpaka taa iliyo mbali mita 5, kwa waya wa shaba wa milimita mraba 0.75, unapoteza karibu asilimia 6 njiani. Ukitumia waya wa 2.5 unapoteza chini ya 2. Na yale maungio ya kusokota kwa mkono bila kufunikwa, kwa unyevu wa mto yanaota kutu ya kijani. Funga vizuri, funika vizuri.

Batri na regilatere. Pano isiyo na regilatere inaua batri, tena upesi. Batri ya risasi usiishushe kupita nusu yake. Kwa ile hesabu ya wati-saa 102 za usiku, batri ya volti 12 na amperi-saa 20 ndiyo ya chini kabisa. Batri ya gari imetengenezwa kwa kuwasha motere kwa nguvu ya sekunde chache. Kuimaliza kila usiku ni kuizika. Weka fuzi karibu na batri, na batri yenyewe ikae mbali na bidoni za esansi, mahali penye hewa. Batri ya risasi ikichajiwa inatoa gazi inayowaka, na cheche moja inatosha. Tumeona Mbandaka moto ndani ya chombo cha mbao unafanya nini.

Taa yenyewe. Ipandishe juu ya vichwa vya watu, na iwekewe kizuizi ili isimpige kapita machoni. Taa inayomulika uso wake inamfanya kipofu wa giza la mbele, na hapo bora ungekaa bila taa.

Nataka kusema pia juu ya wauzaji. Sokoni utaona pano ndogo kama daftari imeandikwa wati 100. Usibishane na muuzaji, chukua mita. Jua kali linashusha karibu wati 1000 kwenye mita mraba moja, na pano nzuri ya leo inageuza karibu asilimia 20 kuwa umeme. Ni kusema mita mraba moja inatoa karibu wati 200. Wati 100 zinaomba nusu mita mraba, kama mita moja kwa nusu mita. Wati 50 zinaomba robo. Kama pano inaenea kwenye kwapa na karatasi inasema 100, karatasi inadanganya. Hesabu hii mtoto wa darasa la sita anaiweza, na mama anayeweka pesa ya mchele wa msimu mzima kwenye pano anastahili kuijua kabla hajalipa.

Tena asikudanganye mtu kwamba pano ya wati 50 itasukuma mtumbwi. Motere ya nguvu-farasi 15 ni kama wati 11,000. Boti za jua ziko duniani: Waachuar wa msitu wa Amazon, kule Ekwador, walianza na boti yao Tapiatpia mwaka wa 2017. Lakini paa lote la boti ile ni pano, na batri zake ni kubwa. Sisi tunaweza kufika huko siku moja, sikatai. Leo pano ndogo ni ya kuona na ya kuonekana.

Na hatuanzi sifuri. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Viktoria, na wa ndakala kwenye Tanganyika, walivua miaka mingi kwa taa za petroli. Wengi wamehamia ledi na batri zinazochajiwa kwa jua, juu petroli ilikuwa inakula faida ya usiku mzima. Toka Kabambare, njia ya Fizi inakupeleka mpaka kwenye hilo Tanganyika. Wafanyabiashara wetu wanakwenda kule na wanarudi. Warudi pia na ufundi huo.

Sasa Leta. Kifungu cha 48 cha Katiba ya 2006 kinahakikisha haki ya kupata umeme. Sheria ya Juni 2014 juu ya umeme ilifungua mlango kwa wengine kuzalisha na kuuza, na ikaunda wakala wa kupeleka umeme vijijini. Januari 2025, Dar es Salaam, Congo ilikuwa kati ya inchi 12 zilizotoa ahadi zao katika mpango wa kufikisha umeme kwa Waafrika milioni 300 kabla ya 2030. Karatasi ni nzuri. Lakini tangu utoto tunaimbiwa Inga. Inga ya kwanza ni ya 1972, ya pili ni ya 1982, na waya wake wa kilometa 1,700 ulikwenda kwenye migodi ya Katanga ukipita juu ya vijiji vilivyobaki gizani. Kusini mwa Maniema hatuwezi kungoja waya mwingine upite juu yetu.

Kuna idara ya Leta ya njia za mito, Régie des voies fluviales, ambayo kazi yake ni kuweka alama mtoni na kusafisha njia. Na kwenye bandari kuna maofisa wanaokata takse kwa kila chombo, mara na kitansi, mara bila. Swali la raia ni rahisi: pesa hiyo imewasha nini? Mkaguzi anayesimamisha mtumbwi kutafuta karatasi, akaacha uondoke saa kumi na moja jioni bila hata torshi, amekagua nini? Hiyo tunaiita trakaseri, na watu wanazama nayo.

Kwa hiyo tunadai mambo manne, tena madogo. Moja: kila bandari ya Kasongo na Kabambare iwe na taa ya jua inayowaka mpaka asubuhi, ili chombo kilichochelewa kijue pa kutua. Mbili: takse za bandari zibandikwe ukutani, na kila franka itoke na kitansi. Tatu: ukaguzi uanze na taa, jile na uzito, karatasi zije nyuma. Nne: pano na batri zinazoingia kwenye masoko yetu zipimwe, na mwenye kuuza uongo arudishe pesa ya watu.

Na sisi vijana? Tuko wengi tuliomaliza chuo, tuna diplome kwenye mfuko wa plastiki, na tunashinda kwenye kona tukingoja mradi wa mtu. Hii kazi haingoji mradi. Kijana mwenye multimeta moja na mita ya fundi cherehani anaweza kukaa bandarini siku ya soko na kupima pano za watu: hii ni ya kweli, hii ni ya uongo, hii iko chini ya kivuli, waya huu ubadilishe. Kila kikundi chetu kichague bandari moja. Kihesabu mitumbwi mingapi iko na taa na mingapi haina, kiandike, na kipeleke namba hizo kwa Administratere wa teritware na kwa depite. Bila mawe, bila matusi. Namba zikiwa mezani, hawatasema hawakujua.

Wazee wetu wenye mitumbwi, hatuwafundishi mto, mto munaujua kabla hatujazaliwa. Tunawaomba kitu kimoja: jioni, kabla ya kusukuma chombo, tazameni batri. Kama haitoshi taa mpaka kucha, toeni telefone zote. Na wewe abiria, usikasirike wakikunyima chaji. Uliza tu taa iko wapi. Kama haiko, shuka.